Manyoya si Koti

Mwanadamu ana desturi ya kuwapima viumbe wengine kwa kipimo cha nafsi yake. Akiona joto, hudhani kila kiumbe huliona joto kama alionavyo yeye. Akivua shati, hudhani kila mwenye kufunikwa mwili anatamani kuvuliwa. Desturi hii ina sura ya huruma, na kwa hiyo ni vigumu kuikemea, maana nani apendaye kumkemea mwenye huruma? Lakini huruma isiyo na maarifa huweza kuumiza sawa na ukatili, na mara nyingine huumiza zaidi, kwa sababu mwenye kuumiza hulala usingizi mzuri akijua kwamba ametenda wema. Insha hii imeandikwa ili kuishitaki huruma ya namna hiyo. Mshitakiwa ni mwenye nyumba wa Kisumu na wa mwambao wa Ziwa Viktoria. Mlalamikaji ni mbwa wake mwenye manyoya mazito. Na kwa kuwa ulimi wa mlalamikaji una kazi nyingine, nitakayoieleza baadaye, hapana budi mtu mwingine amsemee.

Mji wa Kisumu umekaa kusini kidogo ya Ikweta, kando ya Ghuba ya Winam, mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nchi ya juu ina baridi yake ya mwezi wa Julai. Sisi wa ziwani hatuna baridi ya kutajwa. Tangu Desemba hadi mvua za masika zianguke, jua hupiga uwanda wa Kano na vilima vya Riat kama nyundo juu ya fuawe, na alasiri nyingi joto huzidi digrii 30. Pepo za ziwani hupunguza makali ya jua, lakini huja na unyevu unaomfanya mtu atoke jasho akiwa ameketi kivulini. Hii ndiyo nchi yetu, nasi tumeizoea. Mavuno ya omena hukaushwa kwa jua hili, na hapana mtu alilaumuye.

Katika nchi hiyo wameletwa mbwa wa nchi nyingine. Ukipita Milimani, Riat au Mamboleo, na hata katika miji midogo ya mwambao kama Homa Bay na Mbita, utamwona nyuma ya lango mbwa mchungaji wa Kijerumani, na mara mojamoja haski wa Siberia au chauchau wa Uchina, kila mmoja amevaa manyoya ya kutosha watatu. Wengi wao huishi kwa mtindo mmoja. Usiku hufunguliwa walinde nyumba. Mchana hufungwa kwa mnyororo, au hufungiwa katika kibanda cha mabati chenye upana usiomruhusu mbwa kujinyosha. Halafu, mwezi wa Januari ukifika na mbwa akaanza kuhema kama mvukuto wa mhunzi, bwana wake huingiwa na huruma. Humwita kijana mwenye mashine ya kunyolea, na mbwa hunyolewa hata ngozi ikaonekana. Methali ya wazee, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," ilisemwa kwa ajili ya watu. Siku hizi imegeuzwa kuwa kanuni ya mbwa. Nyumba moja mtaani ikinyoa wake, wiki ifuatayo jirani naye anamtafuta kinyozi.

Nasema wazi kwamba mashine ile si dawa ya joto. Dawa ni kivuli, maji, brashi na wakati. Na mtu asiyeweza kumpa mbwa mambo hayo manne hana haki ya kumfuga mbwa wa manyoya mazito katika nchi hii. Nitaithibitisha kauli hii kipande baada ya kipande.

Tuanze na asili ya vazi lenyewe. Mbwa mchungaji wa Kijerumani alianza kuandikwa katika daftari la ukoo mwaka 1899, wakati askari mmoja wa farasi, Max von Stephanitz, alipounda chama cha kumtunza. Kazi yake ilikuwa kuchunga kondoo katika mvua na theluji ya Ujerumani. Haski ana habari ya kale zaidi: alitunzwa na watu wa kabila la Chukchi, huko kaskazini ya mashariki ya Siberia, avute magari yasiyo na magurudumu juu ya barafu. Mwaka 1925, mji wa Nome katika Alaska ulipovamiwa na ugonjwa wa dondakoo, mbwa wa namna hii walipokezana kuivuta dawa kwa safari ipatayo kilomita 1,085, katika baridi iliyoshuka hadi digrii 40 chini ya sifuri na zaidi. Vazi la mbwa hawa lilifumwa na baridi kwa vizazi vingi, kama ngozi ya kiboko ilivyofumwa na maji.

Vazi hilo lina tabaka mbili. Juu kuna singa, nywele ndefu, ngumu kidogo, zinazoteremsha maji ya mvua na kuzuia miale ya jua isiifikie ngozi. Chini yake kuna manyoya laini, mengi, yaliyosongamana kama pamba, yanayoshika hewa karibu na mwili. Manyoya ya ndani yakiwa safi, hewa hupita ndani yake. Yakifa yasipoondolewa, hushikana na vumbi, jasho la ngozi na uchafu, yakawa kama blanketi lililolowa. Hewa haipiti, na joto la mwili halina mlango wa kutokea. Hapo ndipo mbwa huteseka kweli. Basi adui wa kwanza wa mbwa huyu ni manyoya yaliyokufa, na si manyoya yaliyo hai. Nayo mashine haichagui, bali hufyeka yaliyokufa pamoja na yaliyo hai, kama mkulima avivuaye kupalilia akaamua kufyeka magugu na mahindi pamoja.

Sasa niueleze ule ulimi. Mwanadamu hutoa jasho mwili mzima, na jasho likikauka humpoza. Ndiyo sababu kuvua nguo humsaidia. Mbwa hatoki jasho hivyo. Jasho lake la kumpoza ni kidogo tu, nalo hutoka katika nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema: hutoa ulimi nje, akavuta hewa upesiupesi, na maji ya kinywa na ya pua yakikauka huchukua joto la mwili. Basi mtu amnyoaye mbwa ili jasho lake likauke anangoja mvua katika msimu usio wake. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya digrii 38 na 39 au zaidi kidogo; likipita 41 maisha yake yamo hatarini. Kati ya uzima na mauti kuna digrii mbili tu, na daraja ya kuzivuka ni ule ulimi, hewa inayopita, na maji ya kunywa. Katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ile ya ziwani mvua zinapokaribia, maji ya ulimi hukauka polepole, na daraja hiyo huwa nyembamba zaidi.

Na mbwa aliyenyolewa hupata nini? Hupata ngozi iliyo uchi chini ya jua la Ikweta, naye ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu. Huweza kuungua na jua. Inzi na mbu, ambao hawakuweza kuifikia, sasa wamekaribishwa karamuni. Zaidi ya hayo, vazi hilo halirudi upesi. Kwa mbwa wenye tabaka mbili, huweza kupita miezi mingi, mara nyingine hata mwaka na zaidi, kabla manyoya hayajarudi. Na yakirudi, aghalabu yale laini ya ndani hutangulia na singa huchelewa, hata mbwa akabaki na pamba isiyo na paa. Wengine hubaki na mabaka maisha yao yote. Bwana aliyetaka kumpunguzia mbwa joto kwa mwezi mmoja amemharibia kinga ya miaka.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Kondoo hunyolewa, naye hafi." Kweli, lakini sufu ya kondoo wa kufugwa imekuzwa na watu kwa makusudi ya kukatwa, nayo haipukutiki yenyewe. Manyoya ya mbwa hawa hupukutika. Maumbile yamekwisha kuwapa njia ya kuyabadili, na kazi ya mtu ni kuisaidia njia hiyo kwa brashi. Wako mbwa wengine, kama pudo na jamaa zake wadogo wa nyumbani, ambao nywele zao huota bila kikomo kama za binadamu. Hao hapana budi wakatwe, wala sina ugomvi na kinyozi wao. Kadhalika daktari wa mifugo akinyoa sehemu ya mwili ili atibu kidonda, au akikata manyoya yaliyofungana hata brashi haipiti, afanya haki. Ugomvi wangu ni na mtu anyoaye mwili mzima wa mbwa wa tabaka mbili kwa sababu kalenda imesema Januari.

Wa pili atasema: "Basi ikiwa manyoya humkinga na jua, mbwa wangu yu salama; namwacha hapo alipo." Huyu ameelewa nusu ya maneno, na nusu ya elimu huua. Manyoya huzuia jua lisichome ngozi. Hayageuzi mchana kuwa usiku. Mbwa mwenye manyoya mazito huona joto kuliko mbwa wetu mwembamba, na mbwa mzee au mnene huona zaidi. Kumfunga mnyororo uani saa nane za mchana, na kivuli cha ukuta kikimkimbia kadiri jua linavyogeuka, ni kumweka juu ya jiko na kulisifu vazi lake. Kibanda cha mabati ni kibaya zaidi, maana bati hunyonya joto na kulimimina chini. Watu wenye nyumba za mabati wanalijua joto la alasiri lilivyo. Wao hutoka wakakaa chini ya mwembe. Mbwa je, atatoka na mnyororo wake aende wapi? "Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu."

Wa tatu atasema kwa ukali: "Watu hawana maji Nyalenda na Manyatta, nawe wataka tuyamwage kwa mbwa?" Swali hili ni zito, na mtu wa insafu halijibu kwa dharau. Mama anunuaye maji kwa mtungi anajua thamani ya kila kikombe. Lakini tuhesabu. Mbwa mwenye uzito wa kilo 30 anahitaji lita mbili hivi za maji ya kunywa kwa siku, na zaidi kidogo siku za joto kali. Mtungi mmoja wa lita 20 humtosha kwa wiki. Mtu aliyetoa fedha nyingi kununua mbwa wa kigeni, naye hana mtungi mmoja kwa wiki, hakukosa maji, alikosa hesabu. Tena wenye kufuga mbwa hawa kwa kawaida si wale wanaopanga foleni kwenye mabomba ya Nyalenda. Ni aibu kumtanguliza maskini mbele ya hoja kama ngao, na hali maskini mwenyewe hana haski.

Wa nne, na huyu ndiye mwenye kusema la moyoni, atasema: "Mbwa ni mbwa tu." Kwake namjibu kwa lugha ya faida, maana lugha ya huruma hataisikia. Mbwa aliyekwisha choka kwa joto la mchana hawezi kulinda usiku. Mbwa aliyeishi miaka kwenye mnyororo hamtofautishi mwizi na mtoto wa jirani. Akifunguka siku moja, mwenye nyumba atakutana na hospitali na kituo cha polisi. Tena iko sheria. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamfanya kuwa mkosaji mtu amsababishiaye mnyama mateso yasiyo ya lazima. Haikusema kwamba mbwa hayumo.

Baada ya kubomoa, ni wajibu kujenga. Nitaeleza utunzaji wenyewe, maana aonywaye bila kuonyeshwa njia huachwa njia panda.

La kwanza ni kivuli. Kivuli chema ni cha mti: mwembe, mwarobaini au mkuyu, penye upepo wa pande zote. Asiye na mti ajenge banda lililo wazi ubavuni, paa lake liinuliwe juu, liezekwe kwa nyasi au kwa mafunjo. Mafunjo yamejaa katika vinamasi vya ziwa, na mafundi wa mikeka wamejaa Dunga. Paa la namna hiyo halihitaji fedha ya kigeni. Akiwa na bati tayari, atandaze mafunjo juu yake. Sakafu iwe ya udongo au saruji iliyo kivulini, ambako mbwa aweza kulaza tumbo, kwa kuwa tumboni manyoya ni haba na joto hutoka kwa wepesi.

La pili ni maji. Yawe safi, yabadilishwe asubuhi na jioni, yawekwe katika chombo kizito kisichopinduka, na chombo chenyewe kiwe kivulini. Maji yaliyochemka juani katika sufuria nyeusi si maji ya kunywa, ni mchuzi usio na chumvi.

La tatu ni brashi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo siri yote ilipo. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema mbwa hupukutisha manyoya ya ndani mara mbili kwa mwaka, baridi inapokwisha na inapokaribia kurudi. Huko urefu wa mchana hubadilika sana, na mwili wa mbwa huusoma mchana huo kama sisi tusomavyo kalenda. Lakini Kisumu, penye Ikweta, mchana una saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Mwili wa mbwa hutafuta majira na usiyaone. Kwa hiyo aghalabu hupukutisha kidogokidogo miezi yote. Basi anayengoja "kiangazi" cha kitabu ndipo ashike brashi atangoja hata manyoya yawe zulia. Hapa kwetu brashi ni kazi ya kila wiki, mara mbili au tatu, robo saa tu, na kila siku pale manyoya yanapotoka kwa wingi. Tumia chanuo lenye meno marefu na mapana, kisha brashi. Inua singa kwa mkono mmoja, chana kuanzia ngozi kwenda nje, mstari kwa mstari. Usisahau nyuma ya masikio, mapaja ya nyuma, shingo chini ya ukanda, na mzizi wa mkia, maana huko ndiko manyoya hufungana. Usivute kwa nguvu. Fundo lifunguliwe kwa vidole. Haba na haba hujaza kibaba: utashangaa kuona ndoo nzima ya manyoya yaliyokufa imetoka, na mbwa yu mzima, singa zake zang'aa, na hewa yapita.

Katika kuchana huko utakuta na mambo mengine. Utakuta kupe, ambao hupenda kujificha katika manyoya mazito, masikioni na katikati ya vidole, nao hueneza magonjwa ya damu yanayoua mbwa wengi. Utakuta vidonda vidogo kabla havijawa vikubwa. Utaona ncha za masikio zilizoumwa na inzi, jambo linalowapata sana mbwa wa Kijerumani. Brashi ni daktari wa kwanza, tena hadai malipo.

La nne ni kuoga, na hapa makosa ni mengi. Wako wanaomwogesha mbwa kwa sabuni ya unga ya kufulia nguo. Sabuni hiyo huondoa mafuta ya ngozi na kuacha ukurutu. Wako wanaomnyunyizia dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kipimo cha kukisia. Dawa hiyo ikizidi ni sumu, naye mbwa huilamba. Wako wanaompaka mafuta machafu ya gari ati yaponye upele. Hayo nayo ni sumu ya wazi. Na wako wanaompeleka ziwani. Ziwa ni la wote, lakini dawa nyingi za kupe ni sumu kali kwa samaki, na si haki kumwosha mbwa wako katika sufuria ya jirani; tena mamba hana desturi ya kuuliza mbwa ni wa nani. Mwogeshe nyumbani, kwa sabuni ya mbwa, pengine mara moja kwa mwezi au kwa miezi miwili. Umchane kabla ya kumtia maji, maana fundo likilowa hukaza. Kisha umkaushe jua lingalipo. Wakati wa masika umkaushe kila anyeshewapo mvua, hata chini ya singa, kwa kuwa manyoya ya ndani yakikaa majimaji siku nyingi ngozi hutoka vidonda vinavyonuka.

La tano ni wakati. Matembezi na mazoezi yawe alfajiri, au jioni jua likiisha kuzama upande wa Usoma. Kabla ya kumtoa barabarani, weka kiganja chako juu ya lami. Usipoweza kuvumilia kwa kitambo kidogo, nyayo zake nazo hazitavumilia. Wala asiachwe katika gari lililofungwa hata kwa dakika chache. Gari juani ni tanuri lenye madirisha.

Na ikitokea joto limempata, fahamu dalili: kuhema kusikopungua, mate mazito, fizi zilizo nyekundu sana, kutapika, kuyumba, kisha kuanguka. Hapo usikimbilie mkasi. Mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini hata yafike kwenye ngozi, umpepee kwa ubao au kanga, mpe maji kidogokidogo kama anaweza kumeza bila kumlazimisha, na ukiisha kuanza kumpoza umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimfunike kwa taulo lililolowa na kuliacha hapo. Likipata moto huzuia joto lisitoke. Dakika ndizo zinazoamua.

Sasa nirudi kwenye mzizi wa jambo, maana matawi tumekwisha kuyapogoa. Kwa nini mbwa hawa wako hapa? Wengi hujibu kwamba ni kwa ulinzi. Lakini mlinzi hachaguliwi kwa unene wa koti. Mbwa wetu wa kienyeji, yule Wajaluo wamwitaye *guok*, amelinda maboma ya Seme, Nyakach na Asembo tangu kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Ana manyoya mafupi, mwili mwembamba, masikio ya kusikia unyasi ukianguka. Jua la Kano halimshangazi. Hula kidogo na huugua kidogo akipata chanjo na tunda la wema. Hata mahali pengine katika Afrika mbwa waliotokana na jua ni wa manyoya mafupi: basenji wa misitu ya Kongo ni wa namna hiyo. Lakini mbwa wetu ana aibu moja kubwa machoni pa watu: hakununuliwa kwa bei kubwa, wala hana picha katika kitabu cha Ulaya. Basi hupigwa mawe, na mahali pake kununuliwa mgeni, apate kuonekana langoni na kila apitaye aulize bei. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Watu wa ziwa hili wamekwisha fundishwa mara mbili kwamba mgeni haletwi bila kuulizwa tabia yake. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 ili kuongeza samaki; alileta fedha, lakini aina nyingi za fulu zilitoweka. Gugu maji lilichukuliwa duniani kwa uzuri wa ua lake. Likaingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga gati na fuko za wavuvi. Katika habari hizo mbili mgeni aliwaumiza wenyeji. Katika habari ya mbwa mambo yamegeuka: wenyeji ndio wanaomwumiza mgeni, naye hakuomba nauli ya kuja.

Sisemi kwamba waliopo wafukuzwe. Mbwa aliyekwisha kuwa nyumbani ni wa nyumba, na haki yake ni kutunzwa hadi mwisho wa maisha yake. Nasema kwamba asiye na kivuli asinunue; asiye na robo saa ya brashi asinunue; anayetaka sifa ya lango atafute rangi ya lango. Na mwenye kutaka mlinzi aanze kumtazama kwa heshima mbwa aliyezaliwa hapa.

Kwenu vijana wa shule nina neno la mwisho, kwa kuwa katika nyumba nyingi baba hununua mbwa na mtoto humlisha. Ninyi ndio mnaoshika ndoo ya maji, na ninyi ndio mnaotumwa kumwita kinyozi. Mkitumwa siku hiyo, msimkaidi mzazi. Lakini ombeni kwa adabu wiki mbili na chanuo moja, na kabla ya hapo sogezeni mnyororo chini ya mwembe. Kazi ikionekana, mashine itarudi dukani bila ugomvi. Mtu hupimwa kwa namna anavyomtendea asiyeweza kumshitaki. Mbwa hawezi kukushitaki. Hata kesho, ukiisha kumdhulumu, atakupokea langoni kwa furaha ileile. Furaha hiyo ndiyo hukumu yetu.